Paka Aliyekubali Kushikwa Tumbo

Paka yule aliitwa Bosi kwa sababu hakufanya kazi yoyote na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mshonaji, mwenye nyumba, alimjua kama alivyozijua shingo za wateja wake. Kichwani, sawa. Chini ya kidevu, raha tupu. Tumboni? Thubutu! Mkono ulirudi na damu.

Basi alasiri moja Bosi kajilaza juu ya vitambaa, na mkono wa mshonaji ukateleza hadi tumboni. Bosi hakutoa hata kucha. Akamminya. Kimya. Akamvuta mkia. Kimya. Tumbo lilikuwa baridi kama mkasi, na chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Bwana we, huyu si Bosi."

"Kazeeka tu, mke wangu," mumewe akajibu. "Hata mimi siku hizi sina nguvu za kugombana."

"Wewe? Nikikupitishia futi ya kupimia kwapani unataka kupasua dari!"

Mumewe akacheka. Tangu uchumba hajapimwa shati bila kupiga ukelele.

Shangazi yao, mtoaji wa majini, alifika jua likiwa bado juu. Alimtazama paka, akashusha sauti.

"Kiumbe akikukatalia tumbo, ana la kulinda. Hapo hakuna mfupa. Uhai uko nyuma ya manyoya tu. Huyu aliyemo humu kapanga, nyumba si yake, hana uchungu nayo. Nitamtoa. Ila asiguswe mpaka niseme. Mwili utakaomgusa ndio atakaohamia. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, shangazi."

Akafunga macho, akaanza kusoma, na moshi wa ubani ukapanda, na gurudumu la cherehani likaanza kuzunguka bila mguu wa mtu, polepole, kisha mbio, sindano ikishona hewa, na paka akalia kwa sauti ya mtoto, ya kikongwe, ya watu wengi waliofungiwa mahali pamoja, mpaka mwisho akatoa kale kasauti kake mwenyewe, kembamba, ka kuomba maziwa, na mume, aliyemlea tangu akienea kiganjani, akashindwa kuvumilia, akamnyakua na kumkumbatia.

Cherehani ikasimama. Bosi akamparura mkono, akaruka dirishani.

"Kaniparura!" mume akashangilia. "Ndiye Bosi wetu!"

Shangazi akafumbua macho, akauliza kama kuna aliyemgusa. Mume akatikisa kichwa, mikono mgongoni. Mshonaji aliona yote, lakini furaha ilimziba mdomo. Shangazi akaondoka zake.

Asubuhi mume alitaka shati jipya, maana lile lilichanwa na kucha. Mshonaji akanyoosha futi, akaipitisha kwapani, akajiandaa kwa ukelele.

Kimya.

Akambonyeza kwa kidole. Akambonyeza tena, kwa nguvu, pale pale, huku Bosi akiwa nje ya dirisha, manyoya yamesimama, hataki kuingia.

"Endelea kupima," mume akasema taratibu. "Shika popote unapotaka."

Kidole cha mshonaji kilikuwa kimeanza kufa ganzi kwa baridi.