Mashati ya Baba Kui Kwenye Kamba

Gachau alikuwa amekwisha kulitoa godoro mlangoni Mbithe alipogeuza chapati ya tatu. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, pale Makongeni, Thika. Jua zuri, redio ya jirani inaimba mapambio, na binti yao Kui, wa miaka minane, anatafuna chapati ya kwanza kabla mchuzi haujaiva. Nyumba tulivu kabisa. Kumbe mwenye nyumba anahama.

"Baba Kui, na godoro pia?" Mbithe aliuliza, mwiko mkononi.

"Ruiru kuna baridi. Unataka nilale kwa simiti?"

"Si ulisema ni kazi ya mjengo, mwezi mmoja tu?"

"Na huo mwezi sitalala?"

Akacheka, akamfinya Kui shavu, akamsaidia mwenye mkokoteni wa kumfikisha stendi kukaza kamba. Mbithe akamfungia chapati mbili kwenye karatasi. Ndiyo, alimpa na chakula cha njiani!

Sasa Ruiru, jamaa zangu, si Uarabuni. Kutoka Thika ni kilomita ishirini na kitu. Ukianza kutafuna muwa Makongeni, hujaumaliza umefika. Lakini mwezi uliisha, wa pili ukaisha, na simu ya Gachau ikawa haipokelewi. Mbithe alikwenda Ruiru mara mbili, akazunguka mijengo akiuliza, akarudi na vumbi tu. Aliyepotea hutafutwa akapatikana. Aliyejificha utampatia wapi?

Na hapa lazima niseme kosa la Mbithe, maana nikificha la mmoja nitakuwa nimewadanganya nyote. Mbithe alikuwa fundi wa cherehani, mshonaji wa sare za shule, na katika kundi la akina mama kanisani yeye ndiye aliyesimama kumwasa bibi harusi. Kundi hilo lina desturi ambayo haijaandikwa popote: mwanamke aliyeachwa hasimami mbele ya bibi harusi. Anaambiwa kwa upole, "Leo tusaidie na vyombo." Mwanamume aliyemwacha hakuna anayemwuliza atasaidia na nini.

Mbithe hakuvitaka vyombo. Kwa hiyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alitoa mashati mawili aliyoyaacha Gachau, akayafua ingawa ni safi, akayaanika kwenye kamba uani ambapo wapangaji wote wa ploti wangeyaona. Kesho yake kanisani alisema, "Baba Kui alikuja usiku akaondoka alfajiri. Anawasalimu."

Miaka ikaenda. Kui akafika kidato cha kwanza, na ulimi wake ukakua naye.

"Mum, hiyo shati umeiosha mpaka rangi imetoroka. Hata yenyewe imetuacha."

"Nyamaza, watu watasikia."

"Si wasikie tu!"

Mwaka wa sita tangu Gachau ahame, cherehani ile ilimpatia Mbithe kijiploti na vyumba viwili vya mawe. Wakati wa kuandika karatasi za ploti, akaingiza jina la Gachau, kwa kutumia nakala ya kitambulisho chake iliyokuwa ndani ya Biblia. Aliona vibaya nyumba iandikwe jina la mwanamke na watu wanajua bwana yupo. Mama huyu alijenga kwa mgongo wake, halafu akamkabidhi ufunguo mtu ambaye hata hajui alipo!

Uongo una miguu. Mugo, binamu yake Gachau, alipita Thika, akaiona nyumba, akasikia ni ya nani. Alipokutana na Gachau huko Ruiru alimpiga begani. "Haiya! Hongera kijana! Kumbe ulikuwa unajenga kimyakimya?"

Mtu mwenye haya angeinama. Gachau alikwenda kutafuta mnunuzi.

Jumanne moja Mbithe alikuta mgeni uani akivuta utepe wa kupimia, Gachau ameshika ncha ya pili.

"Mama Kui, usipige kelele mbele ya mgeni," Gachau alisema, kana kwamba alitoka asubuhi ile. "Karatasi ina jina la nani?"

Sheria inataka mke atie sahihi kabla nyumba ya familia haijauzwa. Gachau alikwisha kuipata sahihi hiyo. Iliwekwa na Carolyne, mama wa hoteli ndogo ya chai na mandazi kule Mwihoko, karibu na Ruiru, ambako lile godoro lilikuwa limelaliwa miaka yote minane.

Mbithe alikwenda mahakamani Thika, akaomba mauzo yasimamishwe na ndoa ivunjwe kwa kuwa ametelekezwa. Gachau akasimama na koti la kuazima. "Mheshimiwa, sijawahi kutoka nyumbani. Nilikuwa kazini nikimtumia pesa za kujenga, na kila mwisho wa mwezi nilirudi. Ulizeni majirani."

Akaitwa Mzee Zacharia, mzee wa kanisa, mtu asiyejua kusema uongo. Na ukweli wake ndio uliomkata Mbithe.

"Kumwona kwa macho, Mheshimiwa, sijamwona. Lakini mashati yake nimeyaona yakikauka kila mwisho wa mwezi. Na salamu zake nimezipokea."

"Nilikuwa nadanganya," Mbithe alisema. "Niliona aibu."

Hakimu, mwanamke wa makamo, alivua miwani. "Mama, ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

Vyovyote ambavyo Mbithe angejibu, angeonekana mwongo. Nyumba ilikuwa inamponyoka huku akiitazama. Lakini hakimu aliipitia tena ile karatasi ya mauzo, akauliza, "Na huyu Carolyne aliyetia sahihi kama mke ni nani? Aletwe."

Siku ya pili ya kesi wanawake hao wawili walikutana kwenye benchi la nje.

"Wewe ni nani wa Gachau?" Carolyne aliuliza.

"Mke wake."

Carolyne alimpima kutoka kichwani hadi viatuni. "Mke alikufa kwa kuzaa. Kila Pasaka namwombea apumzike."

"Basi asante kwa maombi," Mbithe alisema. "Ndiyo maana bado napumua."

Carolyne hakucheka. Alipoitwa, aliingia na mkoba wake kwapani.

"Mheshimiwa, niliambiwa natia sahihi mali ya marehemu. Huyu mtu amekaa kwangu miaka minane. Mwisho wa mwezi ndio hoteli hujaa, na yeye ndiye anayekaanga mandazi. Hajalala nje hata usiku mmoja, na pesa ya kujenga angeitoa wapi, nauli yenyewe huniomba mimi. Hayo mashati sijui yalivaliwa na nani."

Ukumbi ukaangua kicheko. Gachau akainua mkono. "Carol, mpenzi wangu..."

"Mpenzi wako si ulimzika?"

Hakimu alisimamisha mauzo, akasema nyumba ni ya aliyeijenga, na miaka mitatu ya kutelekezwa ambayo sheria inaitaka imepita zaidi ya mara mbili. Ndoa ikavunjwa.

FUNZO

Wanaume, mke hahamwi kama chumba cha kupanga. Kama ndoa imekushinda, simama mbele ya wazee au mbele ya hakimu, useme, na mtoto umlee. Kuondoka na godoro ni wizi.

Wanawake, msimfulie mtoro mashati. Siri unayomfichia leo ndiyo atakayokushitaki nayo kesho. Aliyekuacha, mtaje mapema, kwa chifu, kwa kanisa, kwa jirani, tena kwa jina lake kamili.

Na nyinyi wa makundi, acheni kuwapa adhabu walioachwa. Aibu mnayomtwika mwanamke ndiyo pazia mnalomshonea mwanamume.

Hati ya ploti sasa ina jina la Mbithe, na bado anashona sare. Kundi lile amelitoka. Kui amemaliza kidato cha nne, anasomea umeme wa majumbani, na babake hajazungumza naye. Carolyne alimtolea Gachau virago jioni ile ile, akaajiri mtu mwingine wa mandazi. Mzee Zacharia alikwenda kwa Mbithe kuomba msamaha, akapewa chai. Gachau ni mlinzi wa geti kwenye nyumba za wanafunzi kule Kahawa Sukari. Analala kibandani.