Mionzi Kwenye Kinu cha Mchele

"Usimpoteze!"

Sauti ya Ngatia, mkuu wake, ilikwaruza katika kifaa cha sikioni. Kajuju alikanyaga mafuta. Mbele yake, Probox nyeupe ya Daktari Wamae iliupita mji wa Kutus kama mshale.

Ndani ya gari hilo mlikuwa na mtungi mzito uliojaa siziamu, madini ya mionzi, iliyoibwa. Mionzi ya kutosha kuutia sumu mji mzima.

Miaka miwili Kajuju, mpelelezi, alijifanya mwanafunzi wa uzamili katika idara ya fizikia ya chuo kimoja Nyeri, akimsaka mwizi wa madini hayo. Kule wengine walisikiliza mitetemo ya mlima. Wengine walibuni seli za jua, wengine walishinda na leza. Wamae alipima mionzi katika udongo wa mashamba ya mpunga.

Kajuju aliwashuku wote, isipokuwa Wamae.

Probox ilisimama nyuma ya kinu cha mchele, Wang'uru. Kajuju alichomoa bastola yake, akajibanza kando ya magunia.

Viktor, mnunuzi kutoka ng'ambo, alinyoosha mkono. "Lete."

"Ngoja kwanza nipime hapa mahali," Wamae alisema, akiwasha kipimo chake cha mionzi. "Kila udongo uko na mionzi yake. Bila kuitoa hiyo, hesabu ya mtungi itakuwa uongo."

"Mzee, unauza ama unafundisha?"

"Dakika chache tu."

Kajuju aliuma mdomo. Ndivyo alivyowazoesha wanafunzi wake wote. Hata katika wizi, Daktari hakuweza kutoa nambari chafu.

"Ngatia, anapima. Zungukeni kinu."

"Tumezunguka."

Viktor alisikia buti za askari. Mkono wake ukaenda kiunoni.

Pa!

Alianguka kwenye pumba, bega likivuja damu.

Wamae aliinua mikono. Kisha akamwona aliyefyatua.

"Kajuju? Ati ni wewe?"

"Kwa nini, Daktari?"

"Wa leza walijengewa maabara. Mimi nikapewa stoo. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kazi yangu ni ya nini."

"Mimi nilikuuliza kila siku."

"Wewe ulikuwa kazini."

Kajuju alimfunga pingu. Hakuzikaza.

"Kazi safi!" Ngatia alisema sikioni.

Kajuju alikichomoa kile kifaa sikioni, akakitia mfukoni, akavaa miwani yake ya jua. Kisha akawaachia askari Wamae, akashika njia ya kuelekea barabarani, bila haraka, bila kugeuka.