Mkebe wa Dada

Haya yalimpata rafiki yangu seremala, nami nina fungu langu katika dhambi ile. Dada yake mgonjwa alijitengenezea unga wa kusafisha seli kuukuu mwilini. Ulibaki mkebe mmoja tu. Rafiki yangu akaufuata kitandani kwa dada, ili yeye mwenyewe asizeeke.

"Kaka, niachie nipone kwanza."

"Wewe umeshachelewa."

Dada akamng'ata kidole gumba. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyemshika dada mikono mpaka mkebe ukachukuliwa. Alifariki wiki ile ile, na kidole cha rafiki yangu kikapona bila hata kovu.

Kila asubuhi rafiki yangu alilamba kijiko kimoja, akaandika uzito wake ukutani kwa penseli ya kazi. "Ukizeeka nitakuvusha barabara, mzee," alinitania.

Adhuhuri moja alikuwa kwenye stoo isiyo na dirisha, akisaga madonge ya mwisho ya unga kwa mashine, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Sauti ya kusaga ikaendelea gizani, polepole, kama mtu anayetafuna. Akapiga yowe. Nilipofungua mlango, mwanga ukaingia.

Kwenye gumba lake palikuwa na alama mbichi za meno, zenye pengo pale dada alipokosa jino la mbele. Nilizigusa. Mate yalikuwa bado ya moto.