Fundo la Darasa la Nne

Watoto arobaini wa darasa la nne walifunga fundo katika sekunde ileile. Vidole vyao, vilivyovikwa viganja-elekezi, vilizungusha kamba ya katani mara mbili shingoni mwa chupa, vikapenyeza ncha, vikakaza. Hakuna aliyekosea. Wengi hawakutazama hata walichokuwa wakikifanya. Walikuwa wanapiga soga.

Kiganja-elekezi kilikuwa glavu nyembamba ya kijivu, yenye nyuzi zinazojikunja kama misuli. Mtambo uliokuwa ofisini kwa mwalimu mkuu ulituma somo, na glavu ikaupeleka mkono wa mtoto pale unapotakiwa. Kwa miaka tisa shule za Mbeya zilikuwa zikifundisha kazi za mikono hivyo: kufuma, kupanda miche na, leo, kutengeneza chujio la maji kwa mkaa, mchanga na kokoto. Ukutani kioo cha matokeo kilionyesha mia kwa mia.

Mwalimu Tunsume Mwakalinga aliitazama ile mia akasikia hasira ikimpanda. Jumatatu alikuwa amemkuta Lusajo, msichana hodari kuliko wote darasani, amesimama uwanjani kamba za viatu zikiburuzika.

"Funga viatu, mwanangu, utaanguka."

Lusajo aliinama, akashika kamba, akatulia. "Mikono yangu inasubiri, mwalimu," alisema.

Tunsume alilipeleka jambo hilo kwa mwalimu mkuu, akajibiwa kwamba shule yao ni ya kwanza wilayani. Akaandika barua wilayani. Ilijibiwa na mtambo, kwa shukrani nyingi.

"Vueni viganja," alisema ghafla. "Fungueni hizo kamba, mbebe vifaa vyote. Tunatoka nje."

Walishuka hadi kwenye kijito nyuma ya shule, maji yake mekundu kwa mvua ya jana. Kazi ilikuwa ileile: funga kitambaa mdomoni mwa chupa iliyokatwa kitako, jaza mkaa, mchanga na kokoto, mimina maji. Dakika kumi zikapita. Chupa zilidondoka, mkaa ukamwagika kwenye nyasi. Ambakisye, mvulana mrefu wa dawati la nyuma, alilia kwa hasira akidai kamba yake ni mbovu.

"Si mbovu. Hebu nitazameni mimi."

Tunsume alivua viganja vyake vya ualimu, alivyovivaa kazini miaka yote tisa, akainua chupa, akazungusha kamba mara moja. Mikono ikasimama.

Alijaribu tena. Tangu ana miaka sita alikuwa akimfungia mama yake mafungu ya mboga sokoni. Fundo alilijua, aliliona kichwani waziwazi. Vidole havikwenda. Watoto wakasogea karibu kumtazama.

"Hata wewe, mwalimu?" Lusajo aliuliza kwa sauti ya chini.

Kabla hajajibu, mwalimu mkuu, mzee Mwasomola, aliteremka mbiombio, viatu vyake vikiwa vimejaa tope.

"Mwalimu Tunsume, una nini leo? Kioo kinaonyesha darasa zima watoro! Wilayani wameshapiga simu."

"Si hawa hapa, mkuu? Wahesabu."

"Bila viganja, kwa mtambo hawapo, na mtambo ndio unaopeleka taarifa. Wavalishe, turudi."

Tunsume alimnyooshea chupa na kamba. "Nifungie hii kwanza, mkuu. Ukiifunga, nawavalisha sasa hivi."

Mzee Mwasomola aliitazama kamba. Taratibu akaingiza mikono mfukoni.

"Somo hili likiisha, wawe ndani," alisema bila kumtazama. "La sivyo, wakitaka kukuhamisha, mimi sitawazuia."

Akapanda zake. Tunsume aliketi kwenye nyasi zilizolowa, akaanza upya. Alifunga, ikafunguka. Akafunga, ikateleza. Lusajo akaja akaketi mbele yake, akaibana chupa kwa magoti. Mwisho walipata fundo moja nene, baya, limekaa upande. Wakajaza mkaa, mchanga na kokoto. Ambakisye akamimina maji.

Yalitoka meusi, pamoja na nusu ya mkaa.

Watoto waliguna. Kule juu kengele ya mwisho wa somo ikalia. Tunsume aliwatazama akingoja wainuke, lakini hakuna aliyeinuka.

"Kitambaa kimelegea," Lusajo alisema. Akaling'ang'ania lile fundo kwa meno mpaka likaachia, kisha akatema uzi wa katani. "Shika hapa, mwalimu. Vuta sana."

Tunsume akashika.