Aliyeomba Kuzishika Nywele za Vermelle

Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona. Hapa kisiwani St. Helena wapo watakaokuambia kwamba mimi, Esau Chisolm, siku hizo nilikuwa kutwa majini natega kaa. Waambie waje waseme mbele yangu. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mabomba na mabati katika ile nyumba kubwa ya wageni kando ya mkono wa bahari, na hakuna mlango mle ndani nisioujua unavyolia. Vermelle Prioleau nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo nikisema aliogopa, ujue aliogopa.

Nyumba yenyewe zamani ilikuwa ya bwana wa mashamba ya pamba, na waliomlimia, utumwani, ni watu wetu. Siku hizi wageni wanatoka mbali kuja kulala humo na kupiga picha ngazi zake. Vermelle alitandika vitanda vyao. Mama yake alipofariki, alikitupa kitana cha chuma cha kupasha motoni alichokuwa akinyooshea nywele, akaziacha nywele ziote zinavyotaka. Nazo zikaota kweli. Nyeusi, nene, zimemzunguka kichwa kama wingu la mvua.

Basi mikono ikaanza.

Wageni hawakuuliza. Bwana mmoja alizibonyeza kama anachagua tikiti sokoni. Mama mwingine alizamisha mkono mzima, ndipo akamwita mumewe aje naye aonje, halafu akasema zinamkumbusha mbwa wake aliyekufa. Walisema ni laini, walidhani ni ngumu. Walicheka kwa furaha, hawakuwa na ubaya machoni. Vermelle alisimama na mashuka mikononi, akitabasamu, na kila walichosema alijibu, "Ndiyo, bibi. Ndiyo, bwana." Neno lile lilimtoka lenyewe kama chafya. Sisi wa huku tunalishwa neno hilo pamoja na uji. Akifika nyumbani kwake, anakoishi na bintiye mdogo, alikuwa akiosha kichwa kwa sabuni ya kufulia.

Jioni moja ya mwezi wa Mei, jua limeshika miti ya mialoni, meneja alimtuma apeleke taulo ghorofani. Kazi ya dakika tatu. Wageni wote walikuwa bustanini wanakula kamba wa kuchemsha.

Ukumbi wa juu ulikuwa na giza nusu. Akasikia harufu ya kafuri. Na chini ya kafuri, harufu nyingine… ya nywele zilizoungua.

Kwenye kiti cha dirishani alikaa mwanamke, kofia pana imefunika uso. Vermelle aliona mikono tu. Mirefu, safi, imetulia mapajani.

"Nywele nzuri," akasema yule mwanamke, taratibu. "Naomba kuzishika. Utaniruhusu?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuomba. Vermelle aliniambia baadaye kwamba karibu machozi yamtoke kwa adabu ile.

"Ndiyo, bibi."

Vidole vikaingia.

Vilikuwa baridi kama samaki wa barafuni. Havikushikashika juu juu kama vya wengine. Vilishuka hadi ngozini, vikatembea polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka humo.

Aliposhuka, alimuuliza meneja yule bibi wa kofia ni wa chumba gani. Meneja huyo, Bwana Hutto, akamtazama, akasema ghorofani hakuna mtu, na hizo taulo mbona amerudi nazo?

Asubuhi yake Vermelle aliamka na msuko kisogoni. Mmoja. Mwembamba, umekazwa kitaalamu, na yeye alilala nywele zimefunguliwa. Akaufumua. Nywele zote za msuko ule zikabaki mkononi.

Siku ya pili, misuko mitatu. Siku ya nne, saba. Kila alipofumua, ngozi ilibaki wazi, laini kama ganda la yai. Usiku alikuwa anahisi uzito kifuani na kusikia kitana kikipita, krr… krr… lakini mkono haukuinuka wala sauti haikutoka. Mchana alipanda ngazi akipumzika kila hatua ya tatu. Mwanamke aliyekuwa akigeuza magodoro peke yake, sasa mto tu ulimshinda. Huku kwetu nywele za kitanani hazitupwi, zinachomwa. Zikiwaka kwa mwali, mwenyewe ataishi. Za Vermelle zilitoa moshi tu, zikazimika.

Hapo akaenda kwa Shangazi Evelina, dada wa marehemu mama yake. Alimkuta jikoni anakata bamia. Shangazi hakuonyesha kushangaa. Aliuliza kama milango imepakwa rangi ya samawati ya kuzuia mizimu. Imepakwa. Chumvi kizingitini? Ipo. Ufagio mlangoni, jinamizi lipotee kuhesabu njiti? Upo, mpya kabisa. Shangazi akaweka kisu chini.

"Alipokuomba, ulimjibu nini?"

"Nilimjibu kama ninavyowajibu wote."

"Mjinga we. Basi unaweka chumvi ya nini? Umeshamkaribisha."

Akamweleza alichosikia kwa bibi yake. Katika nyumba ile palikuwa na mke wa bwana aliyekuwa na mtumwa wa kumvalisha, binti mwenye nywele ambazo wageni hawakuacha kuzisifia mezani. Siku moja yule mke alimkalisha binti kwenye kiti cha dirishani, akamnyoa, akazitia nywele motoni mbele ya macho yake. Binti hakuuona mwaka mwingine. Kwa hiyo wapo wanaosema anayezunguka ni yule mke, bado roho haijatosheka. Wengine wanasema hapana, ni binti mwenyewe. Anatafuta zake.

"Yeyote awaye," akasema Shangazi, "ulichompa kwa mdomo, kichukue kwa mdomo. Mwambie hapana usoni. Moja tu. Usitie samahani mbele, usitie bibi nyuma. Na usichelewe, maana hicho kichwa kikiisha na wewe umekwisha."

Rahisi, sivyo? Lakini uso wa mtu yule Vermelle hakuuona, na wanawake wote wa pale huvaa kofia. Ilibidi amwambie hapana kila atakayenyoosha mkono.

Mara ya kwanza alisema, "Hapana… yaani samahani, bibi, nimepaka mafuta, yatakuchafua." Mama yule akasema haidhuru, akashika. Mara ya pili neno lilifika menoni likarudi tumboni. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nasafisha mfereji wa maji ya paa, nikamwambia, dada, unatapika samaki mzima au unasema neno? Akanitukana vizuri sana, bila kukwama. Nikamwambia, ala, kumbe mdomo unao.

Mara ya tatu alikuwa mke wa daktari. Mkono ukiwa bado hewani, Vermelle akasema, "Hapana." Sauti ndogo, kavu. Yule mama alirudi nyuma kama ameungua, macho yakamlenga machozi, akaenda kushtaki kwamba alitaka tu kusifia. Bwana Hutto akamwita Vermelle ofisini akamwambia, mara nyingine tena akimdhalilisha mgeni, asilete miguu yake pale.

Jioni ile ile, akikusanya mashuka ghorofani, harufu ikaja.

Kafuri.

Kiti cha dirishani. Kofia.

"Leo pia?" ikauliza sauti. Mkono ulikuwa tayari umeinuka.

Vermelle aliyaachia mashuka yakaanguka. Zilikuwa zimebaki nywele za utosini tu, amezifunga kitambaa. Angeweza kukimbia. Alisimama.

"Hapana."

Mkono ukasimama hewani. Ukarudi pajani, taratibu.

"Haya," ikasema sauti, bila hasira yoyote. "Za mtoto ni nyingi kuliko zako. Naye ameniruhusu."

Nilimwona Vermelle akishuka ngazi zile bila kuzigusa, akilia nimpeleke nyumbani kwa mtoto. Nikatupa spana, nikawasha gari langu bovu, na wallahi sijawahi kuendesha vile. Hata bata wa Mzee Capers wananikumbuka. Binti ya Vermelle, Keturah, wa miaka sita, alikuwa amekaa barazani kwao peke yake anamenya karanga za kuchemsha. Shangazi Evelina, aliyekuja kumwangalia, alikuwa ndani anapakua wali.

Nusu ya kichwa cha mtoto ilikuwa imesukwa. Misuko myembamba, imekazwa kitaalamu.

"Nani kakusuka?" Vermelle akauliza, ameshika nguzo.

"Bibi mmoja. Kasema atakuja kumalizia." Mtoto akameza karanga. "Aliomba vizuri, mama. Nami nikamjibu vizuri, kama ulivyonifundisha."

Vermelle akafunga macho. Yeye ndiye aliyemfundisha. Mwaka uliopita alimchapa kiganja kanisani, mbele za watu, kwa kumjibu mtu mzima kijeuri.

Tukaingia ndani, tukakomea. Vermelle akapiga magoti mbele ya binti yake, akamwambia aseme hapana. Mtoto akacheka, akadhani mchezo. Akasema, "Hapana, mama." Akaambiwa aondoe mama. Akasita. Akamtazama Shangazi, akanitazama mimi, kama anatuuliza nani atampiga.

"Lakini ni mkubwa," akanong'ona.

"Najua."

"Utanichapa."

"Sitakuchapa. Keturah, nisikilize. Kichwa ni chako. Sikukwambia mapema, kosa ni langu. Kichwa ni chako."

Nje jua lilikuwa limezama. Vyura wakaanza, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja.

Ubao wa baraza ukalia.

Krr…

Kitu kilipita kwenye mlango, kutoka juu kwenda chini, polepole, kama meno ya kitana. Harufu ikaingia chini ya mlango. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati na nyundo, mahali pazuri sana pa kuilinda familia.

"Mtoto," ikaita sauti, kwa upole. "Nimekuja kumalizia. Utaniruhusu?"

Midomo ya Keturah ikafunguka. Nililiona lile neno letu la mazoea likipanda kooni mwake. Vermelle hakumziba mdomo. Shangazi alikuwa ameshasema haisaidii asipotamka mwenyewe. Alimshika mikono tu.

"Hapana, bibi," mtoto akasema.

Kitana kikaendelea. Krr… Komeo la mlango likasogea kidogo, lenyewe.

"Tena," Vermelle akanong'ona. "Bila bibi."

Mtoto akavuta pumzi.

"Hapana."

Kitana kikasimama.

Nyayo zikashuka ngazi za baraza. Moja. Mbili. Tatu. Kisha mchanga.

Asubuhi tulifungua mlango, hapakuwa na mtu. Vermelle alirudi kazini, na kabla ya chakula cha mchana alimwambia hapana mgeni mwingine, na Bwana Hutto akatimiza ahadi yake. Sasa anasuka watu nyumbani kwake, na humgusi kichwa wala humtanii juu yake. Nywele zimeota tena, ila kisogoni zimetoka nyeupe. Na watoto wa mtaa mzima wamefundishwa lile neno la hapana, wanalitumia hata kwa bamia.

Yote ni kama nilivyoyaona, isipokuwa jambo moja nimelitia mwenyewe. Mara ya kwanza kuisimulia, Keturah alikuwa amekaa karibu nami, na nilitaka alale. Nimelizoea, hata leo limenitoka. Ni zile nyayo kushuka ngazi. Baraza la Vermelle ni la mbao kavu, hata paka akipita linalia, na sisi wanne tulikaa hadi kunakucha tumetega masikio.

Hakuna aliyeshuka.