Mtaa Uliowazibia Wateja Njia

Kila asubuhi Mama Sufuria alifungua duka lake la vyombo. Alipandisha mlango wa chuma, akafagia, kisha akaanza kutoa bidhaa nje. Alipanga mabeseni. Akapanga ndoo. Akapanga masufuria makubwa kwa madogo, mpaka njia ya watembea kwa miguu ikajaa yote.

Kisha alikuja mumewe na pikapu yake. Aliiegesha mbele ya duka, karibu kabisa na mlango. Hapo ilikaa mpaka jioni.

"Gari likiwa mlangoni, watu wanajua duka lina wenyewe," alipenda kusema.

Mtaa mzima ulifanya hivyohivyo. Muuza vitambaa aliegesha gari lake mbele ya duka lake. Sanamu zake zilizovishwa magauni zilisimama nje, njiani kabisa. Muuza viatu ndiye aliyetia fora. Gari lake lilikuwa bovu. Lilikaa juu ya mawe mbele ya duka, nalo lilijaa maboksi ya viatu. Alilifanya stoo.

Wakishamaliza kupanga, walikaa na kusubiri wateja. Wateja hawakuja. Wenye maduka walipiga miayo na kufukuza nzi.

"Jengo jipya la maduka limetumaliza," alisema muuza vitambaa.

"Manispaa ndiyo imetumaliza," alisema muuza viatu. "Taa za barabarani zimekufa zote. Nani atakuja gizani?"

"Watu siku hizi hawana shukrani," alisema Mama Sufuria.

Walilaumu kila mtu, isipokuwa wao wenyewe.

Mama Sufuria alikuwa na uchungu kuliko wote. Duka lile aliachiwa na mama yake. Alikulia mle ndani, katikati ya mabirika na mifuniko. Sasa mumewe alikuwa amekata shauri.

"Mwisho wa mwezi tunahama," alimwambia. "Nimeshaona chumba kule kwenye jengo jipya."

"Chumba? Kile ni kabati! Masufuria ya harusi nitayaweka wapi? Kichwani?"

"Bora kabati lenye watu kuliko ukumbi mtupu. Mke wangu, mimi nimechoka. Nimechoka mpaka basi."

Mama Sufuria alirudi kufuta masufuria. Mumewe hakusema uongo. Duka lilikuwa tupu, na usiku Mama Sufuria alilala akiliwaza.

Juu ya duka hilo aliishi jirani mmoja pamoja na mama mkwe wake. Jirani huyo mtaani walimwita Mama Mawazo. Kila mara alikuwa na wazo la kuufufua mtaa. Aliingia duka hili, akatoka, akaingia lile. Wenye maduka walimkimbia. Muuza viatu akimwona tu, alichukua simu na kujifanya anaongea. Mama Sufuria aliinama chini ya meza, eti anatafuta kitu.

Siku moja Mama Mawazo alitokea katikati ya barabara, magari yakimpigia honi huku na huku. Alikuwa anamsukuma mama mkwe wake kwenye kiti cha magurudumu. Bibi alipakata mfuko wa duka la jengo jipya. Mkono wa sufuria ulichungulia nje ya mfuko.

Mama Sufuria aliuona. Damu ilimchemka.

"Shikamoo, bibi," alisema haraka. Alikuwa na hasira, lakini hakukosa adabu.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akamgeukia jirani yake. "Wewe! Unaishi juu ya kichwa changu. Unasikia kila sufuria ninayoiangusha. Halafu sufuria unakwenda kununua kule? Huna hata haya!"

Mama Mawazo alikuwa anatokwa na jasho. Alikuwa amechoka, na safari hii hakutabasamu.

"Sikiliza, dada. Nimesema, nimesema, mpaka ulimi umeota sugu. Mnanikimbia. Unajificha chini ya meza, mimi nakuona! Leo sisemi. Shika hapa. Sukuma wewe."

"Nisukume nini?"

"Kiti. Mpeleke bibi mpaka kwa muuza viatu. Halafu umrudishe, umwingize dukani kwako. Ukiweza, hii sufuria nairudisha, na sitanunua kwingine tena maishani."

Mama Sufuria alicheka kwa dharau. Alishika kiti akasukuma.

Hakufika mbali. Mbele yake zilisimama sanamu za muuza vitambaa. Alijaribu kupita pembeni. Gurudumu likanasa gauni, na sanamu ikamwangukia bibi mapajani.

"Huyu naye anapanda?" aliuliza bibi.

Mama Sufuria aliisimamisha sanamu, akageuza kiti. Kati ya gari na gari hakukuwa na nafasi. Alirudi nyuma kutafuta upenyo. Mwishowe ilibidi ashuke barabarani. Lori lilipita karibu, likapiga honi kubwa. Mama Sufuria alishtuka, akakivuta kiti pembeni.

"Mwanangu," alisema bibi, "unanisukuma au unanitafutia kaburi?"

Kwa muuza viatu, gari bovu liliziba kila kitu. Mlango wa duka haukuonekana.

"Kumbe huyu bado anauza viatu?" aliuliza bibi. "Mimi nilidhani alishafunga."

Mama Sufuria aligeuza kiti akarudi. Alifika mbele ya duka lake mwenyewe. Pikapu ya mumewe ilikuwa imeziba upande wa barabara. Alizunguka upande wa pili. Huko kulikuwa na mabeseni yake, ndoo zake na masufuria yake. Alisukuma beseni moja kwa mguu. Rundo zima likaporomoka.

Alisimama pale, mikono kwenye kiti, ndoo zikibiringika miguuni pake. Aliona aibu. Alishindwa kumwingiza mteja kwenye duka la mama yake, na aliyemfungia njia ni yeye mwenyewe.

"Unaona sasa?" alisema Mama Mawazo kwa sauti ya chini. "Si bibi tu. Kuna mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi. Kuna mtu mwenye gari anayetaka kusimama kidogo, anunue, aondoke. Akifika hapa anakuta nafasi zote mmezikalia nyinyi. Anakwenda kule. Kule anapata pa kusimama na pa kupita. Basi. Hakuna uchawi."

Jioni ile wenye maduka walikutana kwa muuza vitambaa. Mama Sufuria ndiye aliyewaita. Mama Mawazo alikuwepo pia. Makelele yaliyokuwamo humo, acha tu.

"Tuondoe magari?" alisema mumewe Mama Sufuria. "Watu watadhani hatupo!"

"Tokeni nje," alisema Mama Mawazo. "Simameni ng'ambo ya barabara, muutazame mtaa wenu."

Walitoka wakinung'unika. Walisimama ng'ambo, wakatazama. Waliona mabati ya magari. Waliona matairi. Duka hata moja halikuonekana vizuri.

"Mbona duka langu silioni?" aliuliza muuza viatu.

"Sisi wote hatulioni," alijibu Mama Mawazo. "Gari lako likikaa hapa siku nzima, linamnyima nafasi mteja wa asubuhi, wa mchana na wa jioni. Nyuma ya maduka kuna uwanja mtupu. Egesheni kule. Bidhaa chache ziwekeni nje, zikae ukutani. Acheni njia ambayo kiti cha bibi kinapita bila kugusa kitu. Jingine. Mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni," alisema muuza vitambaa.

"Na watu wa maofisini wanatoka saa ngapi?"

Walitazamana. "Saa kumi na moja," alisema Mama Sufuria taratibu.

"Sasa mnamfungulia nani?"

"Tunakuwa tumechoka!" alilalamika muuza viatu.

"Mmechoka kwa kazi gani? Kukaa?"

Hata muuza viatu alicheka. Kisha akakumbuka jambo. "Na taa je? Tukichelewa kufunga, giza hili?"

"Mmeiambia manispaa?"

"Mimi nilikwenda nikawafokea."

"Na mimi nilikwenda kivyangu," alisema muuza vitambaa.

"Nendeni pamoja, mkiwa na ombi moja," alisema Mama Mawazo. "Mkienda mmoja mmoja mnafukuzwa mmoja mmoja. Na wakati mkisubiri, kila mtu awashe taa ya duka lake."

Mumewe Mama Sufuria alikunja uso. "Haya. Tutajaribu. Lakini mwisho wa mwezi uko palepale."

Siku ya kwanza mtaa ulikuwa wazi, lakini haukuwa na mteja. Mumewe Mama Sufuria alikwenda uwanjani mara kwa mara kuangalia kama pikapu bado ipo. Muuza viatu naye alileta wazo lake. Alifungulia muziki kwenye spika kubwa. Wapita njia wawili waliokuwepo waliziba masikio wakakimbia. Bibi alifungua dirisha la juu akamtolea maneno ambayo hapa hayaandikiki. Spika ikarudi ndani.

"Nilikwambia," alisema mumewe Mama Sufuria.

"Hukuniambia kitu," alijibu mkewe. "Kaa utulie."

Lile gari bovu lilikuwa kazi nyingine. Muuza viatu alisema kesho, akasema kesho tena. Mwishowe Mama Sufuria alishindwa kuvumilia. Aliwaita wenzake, wakatoa maboksi yote, wakalifunga kamba, wakalivuta kwa pikapu mpaka uwanjani. Muuza viatu alisimama akilitazama kwa huzuni. Lilipoondoka, mwanga uliingia dukani kwake. Mwanamke aliyekuwa anapita akasimama mlangoni.

"Hivi hapa kuna duka la viatu?" aliuliza. "Hebu nione vile vyekundu."

Kuanzia hapo mambo yalianza kusogea, polepole. Watu wa maofisini walipita jioni, wakaona taa, wakaingia. Wengine walitazama tu wakatoka. Wengine walinunua. Wenye maduka walikwenda manispaa kwa pamoja. Walizungushwa dirisha hili na lile. Walirudi tena na tena, mpaka fundi akaja na ngazi. Si taa zote zilizowaka, lakini penye giza palibaki pachache.

Bibi naye alishuka. Mama Mawazo alimsukuma moja kwa moja mpaka ndani ya duka la vyombo, bila kugusa kitu. Bibi aligonga sufuria moja kwa kidole, akagonga nyingine, akasema zote ni nyepesi. Kisha akachagua mbili.

Mwisho wa mwezi ulifika. Jioni ile duka lilikuwa na watu. Mumewe Mama Sufuria alikuwa juu ya ngazi, anashusha sufuria kubwa kutoka rafu ya juu. Chini yake wateja walisubiri. Mmoja alitaka birika. Mwingine aliuliza mfuniko unaolingana na sufuria yake ya nyumbani, naye alionyesha ukubwa wake kwa mikono.

Simu ya mumewe ililia mezani.

"Pokea!" alisema akiwa juu. "Huoni nimeshika mzigo?"

Mama Sufuria alipokea. Alikuwa ni mtu wa jengo jipya. Aliuliza wanahamia lini, kwa sababu chumba kina watu wengi wanaokitaka.

Mama Sufuria aliwatazama wateja. Alimtazama mumewe, jasho likimtoka, anahangaika na sufuria.

"Wape hao," alisema kwenye simu. "Sisi hatuhami." Akakata.

"Nani huyo?" aliuliza mumewe.

"Wa jengo jipya."

Mumewe aliinama kutoka juu ya ngazi, sufuria mikononi. "Amesemaje?"

"Yeye hakusema sana. Nimesema mimi. Nimemwambia hatuhami."

Wateja walimtazama mwanamume yule juu ya ngazi. Yeye alimgeukia mkewe.

"Sasa umesimama hapo kwa nini?" alisema. "Njoo ushike ngazi, watu wanasubiri!"