Ua la Bibi na Kiganja Cheupe

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Kiherehere alikimbilia kwa shangazi yake, mtengeneza picha za majani. Jina hilo alipewa nyumbani, nalo lilimkaa barabara: binti huyo hakuweza kuona kifuniko asikifunue.

Shangazi hakutumia penseli. Alipaka karatasi dawa ya manjano, akaikausha gizani, akalaza jani juu yake, akalibana kwa kioo na kuianika juani. Kisha aliiosha. Palipopigwa na jua pakawa buluu. Palipokingwa na jani pakabaki peupe.

Jumamosi hiyo haikuwa ya mchezo. Bibi alikuwa amelazwa hospitalini, na ua lake, linalochanua siku moja tu kwa mwaka, lilikuwa limefunguka asubuhi bila yeye.

"Nimemwahidi mama picha yake," shangazi alisema, akilitia ua kwenye glasi ya maji. "Karatasi iko chumba cha giza. Tafadhali, usiiguse. Nafuata kioo kwa fundi."

Thubutu! Hata shangazi hajafika kona, Kiherehere alikwisha kuitoa karatasi. Alitaka tu kuiona vizuri ile rangi ya manjano. Akaiweka dirishani penye jua, akaikandamiza kwa kiganja isipeperuke. Mara rafiki yake akapita nje, wakapiga soga weee! Alipokumbuka, karatasi ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Akairudisha gizani mbio, akaifunika.

Shangazi alirudi akiimba. Kwenye taa hafifu ya chumba cha giza hakuona kasoro yoyote. Akanyoosha mkono kulichukua ua.

Ua lilikuwa moja tu. Likishabanwa na kioo, basi, halifai tena. Kiherehere angeweza kunyamaza, baadaye asingizie mawingu. Lakini alimfikiria bibi kitandani, akingojea ua lake.

"Shangazi, ngoja! Karatasi imeharibika. Niliitoa mimi."

Shangazi aliliacha ua kwenye glasi, akaifunua karatasi. "Mikono yako inanikera kweli," alisema. "Bahati yako mdomo umewahi. Lete chupa ya dawa."

Dawa iliyobaki ilitosha karatasi moja. Safari hii alipaka Kiherehere mwenyewe, polepole, ulimi nje. Kisha akaulinda mlango wa chumba cha giza saa nzima karatasi ikikauka, akiogopa hata kupiga chafya. Jua la alasiri lilitosha. Karatasi ilipooshwa, ua likatokea jeupe pe, mpaka mishipa ya petali ikaonekana.

"Sasa tuoshe na ile yako," shangazi alisema.

Maji yakapita juu yake. Katikati ya buluu hafifu kikajitokeza kiganja cheupe, vidole vitano kamili. Kiherehere akaficha mkono mgongoni, aibu tupu.

"Unaona? Hata ungenyamaza, ningekijua hiki," shangazi alisema. "Lakini ua lingekuwa limeshanyauka. Kukosea utakosea, mwanangu, hata mimi nakosea. Ukisema mapema, tunakuta bado dawa ipo kwenye chupa. Ukificha, tunachelewa kuokoa."

Jioni walimpelekea bibi picha zote mbili, na Kiherehere akamsimulia kila kitu bila kuruka neno. Bibi aliliangalia ua lake muda mrefu, akafuta machozi. Kisha akaishika picha ya kiganja, akacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

"Mkono huu naujua hata bila miwani," alisema. "Nibandikieni hapa kichwani pa kitanda, kando ya ua langu."